Maisha ya Kambini: Waraka ni Nusu ya Kuonana

Ndugu msomaji, vitabu vya historia vina desturi ya kutusimulia vita kwa majina ya majenerali. Tunaambiwa nani alishambulia, nani alirudi nyuma, na bendera ya nani ilipandishwa kilimani. Lakini mama aliyemtoa mwanawe kwenda vitani haulizi hayo. Yeye huuliza: Mwanangu anakula nini? Analala wapi? Akiugua, nani atamshika mkono? Je, bado anatukumbuka? Jumapili hii safu yetu itayafuata maswali ya mama huyo, na itayafuata hadi Marekani, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyopiganwa kati ya mwaka 1861 na 1865.

Huenda ukasema kwamba Marekani ni mbali na kwamba mambo hayo yamepita zamani. Ni kweli. Hata hivyo moshi wa vita vile ulifika mpaka pwani yetu. Wazee wetu walivaa kitambaa cha pamba walichokiita merikani, kwa sababu kililetwa Unguja na merikebu za Wamarekani. Pamba ililimwa na watumwa katika majimbo ya Kusini, kisha ikafumwa katika viwanda vya Kaskazini. Vita vilipoanza, pamba ya Kusini ilizuiliwa bandarini, viwanda vya Kaskazini vikapungukiwa, na merikani ikaadimika Unguja, hata vitambaa vya Uingereza na vya Bara Hindi vikachukua nafasi yake. Basi usishangae kwamba vita vya huko viliifikia nguo ya bibi yako hapa.

Pamba ile ile ndiyo iliyokuwa na mzizi wa fitina. Mwaka 1860 Marekani ilikuwa na watumwa wapatao milioni nne, wote watu weusi, wengi wao wakitumikishwa mashambani Kusini. Majimbo 11 ya Kusini yalijitenga na kuunda Shirikisho lao ili kuulinda utumwa, na majimbo ya Kaskazini yakashika silaha kuulinda Muungano. Mwezi wa Aprili 1861 Rais Abraham Lincoln aliita askari 75,000 wa kujitolea, nao waliambiwa watatumikia miezi mitatu tu. Miezi mitatu ikageuka miaka minne.

Ni akina nani waliokwenda? Wengi walikuwa wakulima, na wengi walikuwa vijana. Kabla ya kuvaa sare, wengi wao walikuwa hawajapata kwenda mbali na kijiji walichozaliwa. Walijua jina la kila ng'ombe wa baba yao na sauti ya kila mlango wa nyumba yao. Ghafla wakajikuta katika mji wa mahema wenye maelfu ya wanaume wasiojuana.

Tunapofikiri habari za vita, fikira zetu huenda moja kwa moja kwenye risasi na mizinga. Ukweli ni kwamba askari wa vita vile alipigana siku chache sana katika mwaka. Siku zilizobaki zote aliishi kambini, na kambini ndiko alikoshindana na adui asiyeonekana.

Siku ya kambini ilianza alfajiri kwa ngoma au tarumbeta. Askari walijipanga, majina yakaitwa, kisha wakanywa kahawa. Baada ya hapo likaja gwaride, na baada ya gwaride likaja gwaride jingine. Palikuwa na kuni za kukata, maji ya kuteka, farasi wa kulisha, mitaro na vyoo vya kuchimba. Usiku wengine walikwenda lindoni, kila mtu peke yake gizani, akisikiliza upepo na kuwaza ya kwao. Mwaka 1862, katika kambi moja ya Virginia, ulitungwa mlio wa tarumbeta wa kuwaashiria askari wazime taa na kulala. Mlio huo wa Taps hupigwa mpaka leo katika maziko ya kijeshi ya Marekani.

Chakula chao hakikuwa cha kumpendeza mtu. Askari wa Kaskazini alipewa nyama ya nguruwe iliyotiwa chumvi, maharage, kahawa, na biskuti ya unga na maji iliyokaushwa mpaka ikawa ngumu kama kigae. Biskuti hiyo ilivunjwa kwa kitako cha bunduki au kwa jiwe, kisha ikalowekwa katika kahawa moto. Mara nyingi ilikuwa na wadudu. Wadudu wakielea juu ya kahawa, askari aliwaengua kwa kijiko, akaendelea kunywa. Askari wa Kusini alikuwa na hali mbaya zaidi: unga wa mahindi na kipande cha nyama, tena si kila siku. Kwa kuwa bandari zao zilizingirwa, kahawa iliwaishia, wakakaanga mahindi, karanga, viazi vitamu na hata mbegu za bamia ili wapate kitu cheusi cha kunywa asubuhi.

Jambo la kuchekesha kidogo, na la kuhuzunisha pia, ni kwamba vita viliwafundisha wanaume kazi walizoziona kuwa za wanawake. Walipika kwa makundi madogo, wakafua, wakashona. Wengi walibeba kifuko cha sindano, uzi na vifungo kilichoshonwa na mama, dada au mke, nao walikipa kifuko hicho jina la "mke wa nyumbani". Kila alipotia kiraka suruali yake, askari alishika mkononi kazi ya yule aliyemwacha mlangoni.

Wakati wa baridi majeshi hayakupigana sana. Barabara zilikuwa tope tupu, na mizinga haikuweza kuvutwa. Basi askari walijijengea vibanda vya magogo, wakaviziba kwa udongo, wakaweka dohani zilizotengenezwa kwa mapipa, na pengine wakaandika majina ya kuchekesha juu ya milango. Walicheza karata, wakaimba, wakarushiana theluji kama watoto. Hata hivyo, ilikuwa katika vibanda hivyo, bila ya kazi nyingi za kuisahaulisha akili, ambapo yule adui asiyeonekana alipata nguvu. Kijana aliyekula vizuri alianza kuacha chakula. Aliyekuwa mcheshi akanyamaza. Akalala bila ya kupata usingizi, akakonda, akageuza uso wake ukutani.

Waganga wa jeshi walilipa jambo hili jina la ugonjwa. Mwaka 1688 mwanafunzi wa udaktari wa Uswisi aitwaye Johannes Hofer alikuwa ameunga maneno mawili ya Kigiriki, moja lenye maana ya kurejea nyumbani na jingine lenye maana ya maumivu, akapata neno nostaljia. Alilitumia kueleza maradhi yaliyowapata watu wa nchi yake walipokuwa ugenini. Karibu miaka 200 baadaye, waganga wa jeshi la Muungano waliliandika neno hilo katika daftari zao kama walivyoandika surua na homa ya matumbo. Katika vita vile waliorodhesha wagonjwa zaidi ya 5,000 wa nostaljia, na 74 miongoni mwao wakaandikwa kuwa wamekufa kwa ugonjwa huo.

Msomaji, hebu tusimame hapa kidogo. Kwenye daftari ya jeshi, mahali panapoandikwa risasi, kuhara au homa, kuliandikwa kwamba mtu amekufa kwa kukumbuka kwao. Madaktari wa leo pengine wangetambua kwamba baadhi yao walikuwa na sonona, na wengine walikuwa na maradhi ya mwili ambayo hayakujulikana siku hizo. Lakini waganga wale waliona kwa macho yao kwamba mwenye majonzi, akipatwa na homa, hufa upesi kuliko mwenye matumaini. Tukikumbuka kwamba maradhi yaliua takriban watu wawili kwa kila mmoja aliyeuawa na silaha katika vita vile, tutaelewa kwamba jambo hilo halikuwa dogo.

Waliutibuje ugonjwa huo? Hapa ndipo penye funzo. Mganga mmoja wa jeshi, Theodore Calhoun, alisoma mada mbele ya waganga wenzake mwaka 1864. Alieleza kwamba vijana wa mashambani waliugua kuliko wa mijini, kwani kijana wa mjini amezoea kula popote na kulala popote. Kisha akataja dawa, na miongoni mwake ni kumfanyia mgonjwa dhihaka, na kumkumbusha kwamba yeye ni mwanamume. Tena alidai kwamba mapigano yenyewe huwaponya askari. Maneno ya namna hiyo si mageni masikioni mwetu. Ni wangapi tumewaambia vijana wetu wajikaze, mwanamume halii?

Lakini ilikuwako dawa nyingine, nayo ilijaribiwa katika majira ya baridi ya mwaka 1863 huko Virginia, kando ya mto Rappahannock. Jeshi kuu la Muungano lilikuwa limetoka kushindwa vibaya mwezi wa Desemba katika mji wa Fredericksburg. Askari walikuwa wachafu, wenye njaa, wasiolipwa kwa miezi kadhaa. Jenerali Joseph Hooker alipokabidhiwa jeshi hilo mwezi wa Januari, zaidi ya askari 80,000 waliokuwa kwenye orodha hawakuwepo kambini, wengine kwa ugonjwa na ruhusa, na wengi kwa kutoroka. Hooker hakuanza na viboko. Alijenga matanuri ili askari wapate mikate laini badala ya biskuti ngumu. Akaagiza viazi na vitunguu. Akaamuru kambi zisafishwe na hospitali zitengenezwe. Juu ya yote, aliweka utaratibu wa likizo, ili askari waende kwao kwa zamu na kurudi. Kutoroka kukapungua, wagonjwa wakapungua, na nyimbo zikasikika tena. Jenerali huyo alishindwa baadaye katika vita vya mwezi wa Mei, lakini jambo moja alilielewa sawasawa: mtu aliyeruhusiwa kwenda kwao hurudi, aliyefungiwa hutafuta tundu.

Kwa wale wasiopata likizo, kulikuwa na barua. Wahenga wetu walisema waraka ni nusu ya kuonana, na sijui kama kuna mahali methali hiyo ilipopata ushahidi mkubwa kuliko katika kambi zile. Serikali ya Muungano iliwaruhusu askari kutuma barua bila ya stampu. Gharama ililipwa na mpokeaji. Waliojua kuandika waliandika juu ya ngoma, juu ya sanduku la risasi, juu ya goti. Wasiojua waliwaomba wenzao. Mshairi Walt Whitman, aliyekuja Virginia mwezi wa Desemba 1862 kumtafuta ndugu yake aliyejeruhiwa, alibaki Washington akiwatembelea majeruhi hospitalini, na moja ya kazi zake ilikuwa kukaa kando ya kitanda na kumwandikia barua yule ambaye mkono wake haukuweza tena kushika kalamu.

Waliandika nini? Usidhani kwamba waliandika tu habari za ushujaa. Waliuliza kama mahindi yamevunwa, kama ng'ombe amezaa, kama mtoto ameanza kutembea, kama deni la dukani limelipwa. Mkulima aliyevaa sare hakuacha kuwa mkulima. Aliendelea kulima kwa barua.

Iko habari ya askari mmoja, Sajini Amos Humiston wa jimbo la New York. Mkewe alimpelekea kambini picha ya watoto wao watatu. Mwezi wa Julai 1863 Humiston aliuawa katika vita vya Gettysburg, naye alikutwa amekufa akiwa ameishika picha ile. Hakuwa na kitu kingine cha kumtambulisha. Magazeti ya wakati ule hayakuwa na uwezo wa kuchapa picha, basi waandishi waliieleza kwa maneno: watoto watatu, umri wao, nguo zao, namna walivyokaa. Maelezo hayo yalisambaa kutoka gazeti moja hadi jingine, mpaka yakamfikia mke wake, ambaye kwa miezi kadhaa hakuwa na habari za mumewe. Akayatambua. Mwezi wa Novemba akaletewa nakala ya picha, na kwa picha hiyo akajua kwamba amekuwa mjane.

Watu wa pande zote mbili waliugua ugonjwa ule ule, na usiku mmoja waliuungama pamoja. Tarehe 30 Desemba 1862, karibu na mji wa Murfreesboro katika jimbo la Tennessee, majeshi mawili yalilala yakikabiliana, kila upande ukijua kwamba asubuhi kutakuwa na mauaji. Bendi za Kaskazini zikapiga nyimbo zao, bendi za Kusini zikajibu kwa zao, kwa kushindana. Kisha bendi moja ikaanza "Home, Sweet Home", wimbo wa kusifu nyumbani, ambao mtunzi wa maneno yake, John Howard Payne, alikufa ugenini mjini Tunis mwaka 1852. Bendi za pande zote zikaupokea. Maelfu ya askari, maadui, wakaimba pamoja gizani. Kulipokucha wakaanza kuuana. Katika mapigano yale ya siku chache, zaidi ya askari 23,000 waliuawa, wakajeruhiwa, wakatekwa au wakapotea.

Sasa, barua ni dawa, lakini dawa ikizidi au ikitoka mahali penye sumu huweza kuua. Kadiri vita vilivyoendelea, barua zilizotoka nyumba za Kusini zilibeba njaa. Fedha ya Shirikisho ilipoteza thamani, chumvi ikawa adimu, wanaume wa kulima hawakuwepo. Tarehe 2 Aprili 1863 wanawake wa Richmond, mji mkuu wa Shirikisho, waliingia barabarani wakidai mkate, wakavunja maduka. Fikiri, msomaji, wewe ni askari kambini, nawe unaletewa waraka kwamba watoto hawajala. Ukibaki, watoto watakufa. Ukienda, wewe ni mtoro, na adhabu ya mtoro yaweza kuwa kupigwa risasi mbele ya wenzako. Zaidi ya askari 100,000 wa Kusini walitoroka katika vita vile, na wa Kaskazini wapata 200,000. Si wote waliosukumwa na upendo wa nyumbani. Lakini wengi walikwenda kuvuna, wakarudi wenyewe.

Mzigo huo haukugawanywa sawasawa. Mwaka 1862 Shirikisho lilipotunga sheria ya kulazimisha watu kujiunga na jeshi, shamba lenye watumwa 20 au zaidi liliruhusiwa kubakiza mzungu mmoja wa kuwasimamia. Mwaka 1863 Kaskazini nako, aliyeitwa jeshini aliweza kulipa dola 300 akabaki nyumbani. Askari wa kawaida alilipwa dola 13 kwa mwezi. Dola 300 zilikuwa karibu mshahara wake wa miaka miwili. Ndiyo sababu wananchi wa pande zote mbili walinung'unika kwamba vita ni vya tajiri, bali wa kupigana ni maskini. Tajiri aliweza kuinunua nyumba yake. Mfanyakazi na mkulima waliiacha yao.

Mpaka hapa tumesema habari za askari waliokuwa na nyumbani pa kukumbuka. Sharti tuwaulize pia wale ambao hata hapo hawakuwa napo. Wapatao 179,000 walikuwa askari weusi katika jeshi la Muungano, na wengi wao walikuwa wametoka utumwani. Tuna methali isemayo kwamba mkana kwao ni mtumwa. Watu hawa hawakukana kwao. Ni utumwa uliowakana. Mume aliweza kuuzwa jimbo moja na mkewe akauzwa jingine. Kibanda alicholala kilikuwa mali ya bwana, na watoto wake vilevile. Askari huyu akikumbuka nyumbani, anakumbuka wapi?

Jibu linapatikana Camp Nelson, kambi kubwa ya jimbo la Kentucky. Jimbo hilo lilikuwa na watumwa lakini halikujitenga na Muungano. Kwa hiyo Tangazo la Uhuru la Rais Lincoln la tarehe 1 Januari 1863 halikulihusu. Mtumwa aliyejiandikisha jeshini alipata uhuru wake mwenyewe, lakini mke na watoto walibaki mali ya bwana, na mara nyingi bwana aliwalipizia kisasi. Basi wanawake walibeba watoto wao, wakawafuata waume zao kambini. Walijenga vibanda, wakafua na kupika. Kwa mara ya kwanza katika maisha yao, wengi walikuwa na kitu kilichofanana na nyumbani.

Mwezi wa Novemba 1864, katika baridi kali, mkuu wa kambi aliamuru waondolewe. Wanawake na watoto wapatao 400 walipakiwa katika magari ya farasi, wakatupwa nje ya mistari ya jeshi, na vibanda vyao vikabomolewa. Askari mmoja, Joseph Miller, alitoa ushahidi wake kwa kiapo siku chache baadaye, na ushahidi huo umehifadhiwa. Alieleza kwamba mwanawe mdogo alikuwa mgonjwa, naye alimsihi mlinzi asimtoe mtoto katika hali ile. Hakusikilizwa. Usiku ule baba aliwafuata kwa miguu, akawakuta katika nyumba ya ibada iliyojaa watu, wakitetemeka kwa baridi na njaa. Mtoto alikuwa amekwisha kufa. Miller ilimbidi arudi kambini usiku ule ule, kwa kuwa alikuwa askari. Kesho yake akarudi kwa miguu, akachimba kaburi kwa mikono yake, akamzika mwanawe, kisha akarejea tena kazini.

Katika wale waliofukuzwa, 102 waliripotiwa kufa. Habari zilipoingia magazetini, wananchi walikasirika, na amri ile ikatenguliwa. Makao ya familia yakajengwa hapo hapo kambini. Tarehe 3 Machi 1865 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyowaweka huru wake na watoto wa askari weusi wote. Tazama basi tofauti. Wengine walipigana huku wakitamani kurudi nyumbani. Hawa walipigana ili nyumbani papatikane. Tena kwa muda mrefu walipigania hayo kwa mshahara wa dola 10, ambazo 3 zilikatwa kwa ajili ya mavazi, mpaka Bunge liliposawazisha malipo mwezi wa Juni 1864.

Vita vilikwisha mwaka 1865. Kwa miaka mingi waliokufa walihesabiwa kuwa 620,000; uchunguzi wa miaka ya karibuni unaonyesha kwamba huenda walifikia 700,000 au zaidi. Utumwa ulipigwa marufuku katika katiba mwaka ule ule. Waliobaki walirudi, wengine bila ya mguu, wengine bila ya usingizi, na watu weusi wengi walianza safari ya kuwatafuta wake, waume na watoto waliouzwa. Kwa miaka mingi walitoa matangazo magazetini wakitaja majina ya watu wao na mabwana waliowauza, wakiuliza kama yupo aliyewaona.

Baba, mama, nini cha kujifunza kwa ajili ya nyumba zetu? Vijana wetu nao huondoka. Wamewahi kutumwa kulinda amani Darfur na Mashariki ya Kongo. Wako migodini, vyuoni, katika meli, na wako mabinti waliokwenda kufanya kazi za nyumbani Uarabuni. Leo hawaingoji barua miezi miwili. Simu imo mfukoni. Lakini simu inayolia kwa ajili ya kuomba fedha tu si waraka. Wala kumwambia mtoto anayelia ajikaze si dawa; hiyo ni dhihaka ya mganga wa mwaka 1864.

Wala tusifiche kila taabu. Mwanamke wa Richmond aliyeandika kwamba watoto wana njaa hakukosea. Waliokosea ni wale waliomchukua mlezi wa watoto ili kuulinda utumwa. Aliye mbali ana haki ya kujua ya kwao, ya kheri na ya shari. Lakini ukimpa ya shari, mpe na ya kheri. Mwambie mwembe umezaa. Mwambie mdogo wake ameota jino. Muulize anakula nini na analala wapi, kisha ungoje ajibu. Na wewe mwajiri, mkuu wa kambi au msimamizi wa zamu, anapokujia kijana kuomba ruhusa ya siku mbili akamwone mama yake mgonjwa, usiharakishe kumwita mvivu.

Kama yuko mtu wako ambaye hamjasemezana tangu mwezi uliopita, usiache Jumapili hii ipite. Na sisi tutakutana tena Jumapili ijayo, panapo majaliwa.